Magauni Sabini na Mawili Yaliyokaa Vizuri Mno

Mwezi wa nane mwaka 1988 nilitukanwa na wanawake kumi na mmoja kwa siku moja, kwa sababu magauni ya watoto wao yaliwakaa vizuri. Sitanii. Hayakuchanika, hayakukatwa upande, na vifungo vilikuwa mahali pake. Yaliwakaa barabara, begani, kifuani na magotini, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Kosa lenyewe lilikuwa langu.

Naitwa Mukeshimana, binti wa Fundi Twahiru wa Biryogo. Babu yake baba yangu alikuja Rwanda na mizigo ya wafanyabiashara kutoka Pwani, akauza shanga na kaniki, akaoa, akasahau kurudi. Alituachia dini, Kiswahili na mkasi. Mkasi mimi sikuurithi. Baba husema kitu pekee chenye makali nilichochukua kwake ni ulimi, na sina la kumjibu, kwa maana kila nikimjibu namthibitishia.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi mmoja wa kusaidia vyama vya ushirika. Kisha wakanipeleka Ubelgiji miezi sita kusomea kompyuta, nikarudi na koti zito lisilofaa popote Kigali na kichwa kilichovimba kuliko koti. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja ya ziada. Wakaniambia: chagua chama kimoja, kitungie programu ya kukisaidia kazi, na mwisho wa Agosti mkaguzi atakuja kuangalia. Sharti lilikuwa moja tu. Siku ya ukaguzi mwanachama mwenyewe akae mbele ya kompyuta aitumie, mimi nisiguse wala nisiseme neno. Akishindwa, kompyuta itakwenda kwa katibu wa mkurugenzi, na mimi nitarudi kwenye mashine yangu ya chapa na karatasi za kaboni.

Ile mashine ya chapa sikuitaka tena hata kuiona. Nikachagua chama cha baba yangu, nikidhani nimejichagulia njia ya mteremko.

Chama chao kilikuwa chini kidogo ya njiapanda ya Sonatubes: vyerehani vinane, meza moja kubwa ya kukatia, na mkataji mmoja, Fundi Twahiru, ambaye kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu mwingine kugusa mkasi wake. Mwenyekiti alikuwa Maneno, mtu mwema mwenye hotuba kwa kila jambo, hata kwa kukaribisha chai. Kazi yao kubwa ilikuwa sare za shule, magauni ya buluu ya wasichana na kaptula za kaki za wavulana, kwa watoto wa Kagarama na wa Gahanga.

Kompyuta ilipofika mwezi wa sita, Baba aliizunguka mara mbili, akalitazama vumbi la kiangazi linavyoipanda, kisha akaishonea nguo ya kitenge yenye marinda pembeni. Alisema kitu kilicho uchi ndani ya chumba cha mafundi ni aibu. Sijawahi kuona kompyuta iliyovaa vizuri vile, hata Ubelgiji.

Programu niliitunga mjini, ofisini, mlango umefungwa, kwa wiki mbili. Niliipenda sana. Iliuliza jina la ukoo, jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kisha vipimo saba kwa sentimita, nilivyovipanga kwa alfabeti ya Kifaransa kwa sababu vilipendeza machoni. Mwisho printa ilitoa karatasi ya kukatia ya kila mtoto, na mchoro wa namna ya kupanga vipande juu ya jora ili kitambaa kisipotee. Kwa magauni sabini na mawili ya Kagarama tuliokoa mita tisa nzima. Mita tisa! Nilizunguka na hiyo hesabu siku mbili nikimwambia kila niliyekutana naye, hata muuza maziwa.

Baba alisoma karatasi ya kwanza, akanitazama juu ya miwani.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Baba. Wewe kata kama ilivyoandikwa. Usiongeze wala usipunguze hata uzi mmoja."

Niliyasema hayo mbele ya mafundi wote, kwa sauti ya mtu aliyetoka Ubelgiji. Baba akasema, "Haya," akachukua mkasi. Mimi nimelelewa na hiyo "haya" yake. Nilipaswa kujua kwamba haikuwa ya kukubali.

Magauni yakagawiwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi wakaja wanawake kumi na mmoja kutoka Kagarama, wameshika watoto mkononi, na aliyewatangulia alikuwa Mukandekezi, ambaye sote tulimwita Mama Kalisa kwa jina la mwanawe mkubwa wa kiume. Alikuwa akiuza parachichi barabarani, na sauti yake ilikuwa imezoea kuwafikia watu waliokwisha kupita.

"Wewe, mutoto wa Twahiru! Kuja hapa. Angalia hii nguo ya Uwamahoro. Iko inamuenea!"

Nikamtazama Uwamahoro, mtoto wa miaka minane. Kweli, gauni lilimwenea vizuri ajabu. Nikatabasamu, na hapo nikaharibu zaidi.

"Si ndiyo vizuri, mama?"

"Vizuri wapi? Leo iko inamuenea. Noheli itamuenea nani? Mimi?" Wenzake wakaangua kicheko, lakini si kicheko cha kunifurahia. "Na mudogo yake atavaa nini mwaka kesho kwa shure? Makaratasi yako?"

Akamshika mtoto, akapindua ncha ya gauni mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na upindo mwembamba wa kidole kimoja, kama karatasi ilivyoamuru.

"Yewe, Twahiru! Miaka yote umenishonea. Upindo uko wapi?"

Baba hakuinua macho mezani. "Muulize orodinatere," alisema.

Wakaniuliza mimi, kwa kuwa orodinatere, yaani kompyuta, ilikuwa imevaa kitenge na haikujibu. Nikasikia mambo mengi kuhusu elimu yangu, na mama mmoja akataka kujua kama Wazungu watoto wao hawakui. Maneno akasimama kutoa hotuba ya kuomba radhi kwa niaba ya chama, akaambiwa akae.

Walipoondoka nilimfuata Baba nyuma, kwenye ghala la vitambaa. Nilikuwa na hasira.

"Ulijua, Baba?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukakata magauni sabini na mawili? Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nisiongeze hata uzi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, jambo analofanya anapotafuta maneno. "Karatasi yako, mwanangu, iliuliza kila kitu kuhusu mtoto isipokuwa mtoto mwenyewe. Nikataka kusema. Lakini ulinisemesha mbele ya mafundi kama ninajifunza kutunga uzi. Nikakasirika. Nikasema moyoni, mwache aone. Sasa wewe umeona, na watoto wa watu wamepata hasara kwa hasira zetu sisi wawili. Nimeona haya."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani baba yangu kuniambia ameona haya. Hasira yangu ikayeyuka ikaniacha sina pa kushika. Nikamwambia na mimi nimeona haya, tukabaki tumesimama kati ya majora kama watoto wawili waliovunja chungu.

Zile mita tisa nilizojivunia ziliisha kwa siku mbili. Mafundi wote walikata vipande virefu, wakaviunga chini ya kila gauni, wakakunja upindo wa heshima. Mama Kalisa alirudi akapima upindo kwa vidole vyake, vidole vinne, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uwamahoro akapotelea ndani ya gauni lake. Sasa lilimkaa vibaya kabisa, na mama yake akafurahi.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mkaguzi. Nikaiacha ofisi ya mjini, nikachukua kigoda na daftari, nikakaa kando ya meza ya kukatia kutwa nzima, nikafanya kile nilichopaswa kukifanya mwezi wa sita. Nilitazama.

Siku ya kwanza tu niliona kwamba Baba haanzi na futi ya kupimia. Anaanza na miguu ya mtoto. Mtoto mwenye miguu mikubwa kuliko kimo chake, Baba anampa akiba ya upindo wa vidole vitano, maana urefu uko njiani unakuja. Kisha anamtazama mama, urefu wake na mabega yake. Kisha anashika kiganja cha mtoto, kama anamsalimu tu, kumbe anapima kifundo cha mkono. Ndipo futi inatoka shingoni, na vipimo vinakuja kwa mpangilio uleule siku zote, kutoka juu kwenda chini: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Programu yangu ilikuwa inaruka kutoka bega kwenda nyonga na kurudi kifuani. Fundi gani angeifuata?

Nikaandika upya usiku ule na kesho yake nikaja na maswali mapya. Kwa kuwa nguo hurithiwa, niliweka swali: "Una watoto wangapi?" Mama wa kwanza kutoka Gahanga akanyamaza. Wa pili akasema wawili, na nyuma yake walikuwa wamesimama wanne. Wa tatu akanitazama kama nimemwuliza anataka kufa lini. Baba alicheka mpaka akalazimika kuweka mkasi chini.

"Watoto hawahesabiwi mbele ya watu, Mukeshimana. Wewe umezaliwa wapi? Uliza hivi: gauni hili baadaye litakwenda kwa nani?"

Nikaliuliza hivyo. Uso wa mama ukafunguka. Litakwenda kwa fulani, kisha kwa fulani, na yule mdogo ni mnene, ameenda upande wa baba yake, na wa mwisho bado ananyonya. Nilipata majina, maumbo na zamu zao bila kuhesabu mtu.

Niliendelea kujifunza. Watoto wa Gahanga huchota maji bondeni kabla ya shule na hubeba dumu kichwani mikono ikiwa juu, kwa hiyo Baba anawapigia mshono mara mbili kwapani, na kwa wavulana, ambao huchuchumaa kuliinua, pia katikati ya kaptula; wale wa Kagarama hawauhitaji. Kwa mama anayejua kushika sindano, upindo anaushikiza tu ili aufungue mwenyewe. Kwa asiyejua, anakunja mikunjo miwili kwa nyuzi za rangi mbili na kumwambia: mwaka kesho vuta mweupe, mwaka wa pili vuta mweusi. Kwa wasichana wa darasa la sita anaacha akiba kwenye mshono wa ubavuni bila kusema neno, na mama anaiona, naye hasemi neno. Haya yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja mwenye miaka hamsini na minane, na mimi nilikuwa nimemletea mashine inayouliza tarehe ya kuzaliwa.

Nikaitunga programu upya kutoka chini. Ikawa inauliza kwa vidole na shubiri, sentimita ikazificha kwa ndani. Ikawa inakisia akiba yenyewe, lakini fundi akiikataa na kuweka yake, haikubishana. Ilimwuliza neno moja tu, "Sababu?", ikaandika jibu, na safari nyingine alipokuja mtoto wa namna ile, ikapendekeza kama fundi alivyofanya. Mwanzoni ilikosea kila saa. Baada ya watoto mia moja hivi wa Gahanga, ilikuwa inapishana na Baba kwa kidole kimoja, na siku nyingine haipishani kabisa. Nilikuwa napiga kelele za furaha kila ilipopatia, hata wenye vyerehani wakaanza kuweka dau la karanga.

Tena niliifanya imjue aliyekaa mbele yake. Maneno, ambaye husahau alichosema kabla hajamaliza kukisema, ilimwuliza swali mojamoja na kumkumbusha. Baba, ilimwuliza tu kile ambacho hakijulikani, kutoka juu kwenda chini, kisha ikakaa kimya. Nilitaka akikaa pale aione kama meza yake mwenyewe.

Lakini Baba hakukaa. Alisema vipimo, mimi nikapiga. Nilipomsogezea kibodi, alirudisha mikono mfukoni.

"Vidole vyangu vimezoea mkasi."

"Baba, mkaguzi hatataka vidole vyangu. Anataka vyenu."

"Maneno yupo."

Nilimwomba. Nikamgombeza. Nikanuna siku mbili, nikala chakula chake bila kumsemesha, jambo ambalo nyumbani kwetu huhesabiwa kuwa vita. Siku ya tatu, akiwa anakunja futi, alisema taratibu, "Na nikikosea mbele ya vijana hawa wote? Miaka thelathini hawajaniona nikikosea." Nikampa Maneno mazoezi.

Mkaguzi alifika Jumatano, baada ya adhuhuri. Jina lake Niyonzima, bwana wa makamo mwenye faili la ngozi na suti ya kahawia iliyombana kwa namna ambayo Baba aliiona kabla ya kusalimiana. Alitukumbusha sharti, akanielekeza kwenye kigoda cha pembeni, na kusema, "Bon. Nani atatumia?"

Maneno alinawa mikono kama anayekwenda kula, akafunua kitenge, akakaa. Wateja wetu wa siku ile walikuwa wavulana wawili wa kaptula: Kalisa, kaka yake Uwamahoro, aliyeletwa na mama yake, na Nzeyimana wa Gahanga. Bahati mbaya au nzuri, wavulana hao walikuwa sawasawa kwa vipimo vyote, kiuno kwa kiuno.

Hotuba ilichukua dakika kumi. Kupiga herufi kulichukua ishirini. Maneno alijibizana na kompyuta kwa sauti ("Ndiyo, nimekwambia, kiuno!") na mara moja akaisalimu, lakini alifika mwisho. Printa ikalia, karatasi mbili zikatoka. Nilikuwa nimeuma kanga mdomoni kwa woga, nikaanza kuiachia.

Niyonzima akaziweka karatasi pamoja. Akakunja uso.

"Vipimo ni sawa, lakini majibu iko tofauti. Huyu upindo vidole viwili, huyu vitano. Huyu mshono moja, huyu mbili. C'est une erreur, ni kosa. Programu inayojibu swali moja kwa njia mbili ni mbovu." Akatoa kalamu. "Bwana Mwenyekiti, unaweza kueleza?"

Maneno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema. Alinitazama. Mimi nilikatazwa kusema. Machozi ya hasira yakanitoka nikiziona zile karatasi za kaboni zikinisubiri ofisini. Kalamu ilishagusa karatasi.

"Maneno, toka hapo," akasema Baba.

Alikuwa ameshasimama, chaki sikioni, futi shingoni. Akakaa. Alivaa miwani vizuri, akanyoosha kidole kimoja cha mkono wa kulia, akakishusha juu ya kibodi polepole, namna anavyoshusha mkasi kwenye kitambaa cha harusi. Herufi moja. Ya pili. Vyerehani vyote vilinyamaza. Alikosea, akasema "Astaghfirullah", akafuta, akaendelea. Hakuniangalia hata mara moja. Kioo cha kompyuta kikamletea kadi ya Kalisa.

"Sogea, bwana mkubwa. Soma hapa, palipoandikwa sababu."

Niyonzima akasogea na kusoma kwa sauti. "Inakwenda kwa Munyakazi, mdogo wake. Mfupi, mnene. Akiba kiunoni, si chini."

"Na huyu wa pili?"

"Wa mwisho kwao. Hamwachii mtu. Miguu mikubwa. Anachota maji."

"Kalisa, vua kiatu. Na wewe Nzeyimana, simama karibu naye." Baba akaonyesha miguu ya Nzeyimana kwa chaki. "Angalia hiyo miguu. Huyu mwakani atakuwa amempita mwenzake kichwa kizima. Ukiwakatia kaptula moja, mmoja umemwibia."

"Ni ya kweli kabisa," akadakia Mama Kalisa. "Mwanzo hii mashine ilikuwa mujinga sana. Sasa iko na akili. Mimi ndiye niliyeifundisha!"

Watu wakacheka, na mkaguzi akatabasamu kidogo, lakini kalamu ilikuwa bado mkononi. "Lakini Fundi, haya ni akili yako wewe. Kesho ukimpima mtu ambaye haijawahi kumwona?"

"Simama wima," Baba akamwambia.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwamuru Niyonzima vile. Alisimama. Baba akampitishia futi, bega, kifua, kiuno, akirudi kila mara kwenye kibodi na kidole chake kimoja. Kwa fundi anayefuata mpangilio wake, kioo hakikuuliza kitu mpaka mwisho. Ndipo likatokea swali, kubwa, wote tukalisoma: "Anafanya kazi shambani, sokoni au ofisini?" Baba akapiga: ofisini. Likaja la pili: "Amepandishwa cheo mwaka huu?"

Nilitamani ardhi inifungukie. Lile swali la kuwapimia watu wazima Baba alinitajia wiki iliyopita, nikadhani ananitania, nikaliweka kwa mzaha na kusahau kulitoa.

Niyonzima alilitazama. Akatazama kifungo cha suruali yake, kilichokuwa kinafanya kazi ya vifungo viwili.

"Mwezi wa sita," alisema kwa sauti ndogo.

Baba akapiga jibu. Kompyuta ikafikiri, taa yake ikawaka na kuzima, kisha ikaandika: "Kiuno, akiba vidole vitatu. Nyuma, si mbele." Mkaguzi akacheka, akacheka kwa tumbo lote, na kifungo kile kikaamua kuwa kimetosha. Kiliruka kikagonga cherehani cha tatu. Kuanzia hapo hakukuwa na ukaguzi tena. Alisaini huku ameshikilia suruali, akaagiza mbili mpya, ya kahawia na ya kijivu, na kwenye faili akaandika kwamba kompyuta ibaki, na kwamba Mukeshimana aanze kazi hiyohiyo kwa wasusi wa vikapu wa Butare, mwezi wa kumi. Aliongeza mstari: "Akae nao kwanza kabla ya kuandika chochote." Huo mstari, niliambiwa baadaye, Baba ndiye aliyemnong'oneza wakati akimpima mguu.

Nilimsindikiza mpaka gari lake, juu njiapandani. Nilirudi mbio, kanga mkononi, nikitaka kumkumbatia baba yangu mbele ya vijana wake wote apende asipende. Nilimkuta peke yake mbele ya kompyuta, ameinama, kidole kiko hewani. Aliponiona alisimama haraka, akasema alasiri inampita, akatoka akisahau miwani mezani.

Nikainama kuizima kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na kadi mpya, haijahifadhiwa. Jina: Mukeshimana binti Twahiru. Gauni la safari ya Butare. Vipimo vyote vilikuwa vimejazwa, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na futi hakunigusa nayo tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Programu yangu, kwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, ilikuwa imependekeza akiba ya urefu: hakuna. Baba alikuwa ameikataa. Aliweka vidole vinne.

Chini yake, kwenye sababu, kwa herufi moja moja na makosa mawili aliyoyafuta vibaya, alikuwa ameandika: "Bado anakua."

Niliisoma mara tatu. Nilikasirika, nikacheka, nikalia, kisha nikabonyeza kukubali.